Ndosho: maua ya kroshe mikononi mwa mama aliyetoka Kitshanga

Kila siku ya tatu na siku ya posho, kuanzia saa nane za mchana, akina mama sita au saba wanakutana katika parseli moja ya kata ya Ndosho, mjini Goma, kufuma maua ya kroshe. Wanakaa juu ya mawe meusi ya volkano yaliyotandikwa magunia, nyuma ya nyumba ya mbao, mahali ambapo jua la mchana halifiki. Wengi walitoka Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Wengine ni wenyeji wa hapo hapo, wamevuka barabara tu. Hakuna kibao kwenye mlango wa parseli, na mwishoni hakuna breve. Anayefundisha ni mjane mwenye nyumba, ambaye alijifunza kroshe akiwa binti katika fuaye sosiali, zile nyumba za mafunzo ya akina mama zilizoanza wakati wa Wabelgiji. Wote wanamwita Mama Mwalimu, hata mmoja anayemzidi umri.

Kati yao kuna mama wa watoto watano ambaye wenzake wanamwita Mama Kitshanga. Si jina lake. Goma ina hiyo desturi: mtu akikimbia, mji alioacha unamfuata na kukaa mahali pa jina. Aliondoka kwake mwezi wa kwanza mwaka wa 2023, mapigano yalipofika Kitshanga, akaacha shamba la maharagwe na viazi. Alikaa miaka miwili chini ya turubai katika kambi ya Bulengo, upande wa magharibi wa Goma. Mwezi wa pili mwaka wa 2025, baada ya M23 kuuchukua mji, makambi ya kandokando ya Goma yalivunjwa na watu wakatakiwa warudi makwao. Wengi walirudi. Yeye alisikia kwamba nyumba yake haina tena mabati wala milango. Familia moja ya Ndosho ikampa chumba kimoja, yeye na watoto watano na shangazi yake mzee. Kuhusu bwana wake hasemi kitu, na wenzake hawamuulizi.

Siku alipoingia katika ile parseli hakuwa anatafuta maua. Alikuwa anatafuta nguo za kufua. Alikuwa amekwisha kupiga hodi nyumba kadhaa asubuhi hiyo, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile, kwamba siku hizi kila mtu anafua mwenyewe. Mama Mwalimu naye hakuwa na nguo za kumpa. Alimsogezea gunia akamwambia, "Karibu, mama, pumzika kwanza miguu." Kisha akamtia mkononi kipande cha chuma chembamba chenye ncha iliyopindwa, pamoja na kamba ya uzi wa rangi ya kahawia.

Kile chuma kilikuwa njiti ya gurudumu la baisikeli. Fundi mmoja wa chukudu anaikata, anapinda ncha, kisha anaisugua juu ya jiwe la volkano mpaka isikwaruze tena uzi. Mama Mwalimu ana sindano chache za dukani pia, zilizonunuliwa Birere, lakini hizo anawapa wale waliokwisha kujua. Anayeanza anaanza na njiti. Ikipotea, hakuna anayelia.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwenye fundo. Fundo la kroshe linateleza: ukivuta upande mmoja linakaza, upande wa pili linalegea. Mtu aliyezoea kufunga mzigo wa kuni au mbuzi hapendi fundo la namna hiyo, maana mkono wake umefundishwa kufunga kitu kisifunguke. Mama Kitshanga alifunga, akakaza, akakaza tena. Sindano ikakataa kupita. Mama Mwalimu akachukua wembe, akakata, akampa uzi tena bila kusema neno.

Halafu ukaja ule mkufu, mishono inayofuatana kama mnyororo mdogo. Hapa ndipo kicheko cha kila mwanafunzi mpya kinapotokea. Kwa Kifaransa mshono mmoja wa kroshe unaitwa maille, na kwa sikio la mtu wa Kivu hilo neno linasikika kama mayi, yale ya kunywa. Mshono wa mkufu unaitwa maille en l'air. Kwa hiyo Mama Mwalimu anaposema "piga mayi sita ya hewani," anayesikia kwa mara ya kwanza anaangalia juu kuona kama mvua inakuja. Kundi lile limekwisha kuzoea na sasa linasema hivyo hivyo: mayi tatu, mayi sita. Watoto wanaopita nje wanadhani pale wanagawa maji, na siku moja mmoja aliingia kweli na bidoni yake.

Ua la kwanza la anayeanza lina petali tano. Kwa wale wanaosikiliza wakiwa na uzi karibu, linakwenda hivi. Piga mayi sita, kisha ingiza sindano katika ile ya kwanza kabisa, vuta uzi na upitishe kote: umepata duara dogo, tundu katikati. Hilo tundu ndilo kitovu cha ua, kila petali itatoka humo. Piga mayi tatu za kupanda. Halafu fuma bridi tatu ndani ya tundu. Bridi ni mshono mrefu: unazungusha uzi mara moja juu ya sindano, unaingiza sindano ndani ya tundu, unavuta uzi, na sasa una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, pita katika viwili. Zungusha tena, pita katika viwili vilivyobaki. Kinabaki kitanzi kimoja, bridi imekamilika. Baada ya bridi tatu piga mayi tatu za kushuka, kisha funga ndani ya tundu lile lile. Hiyo ni petali moja. Rudia mpaka zitimie tano.

Kwa maandishi inaonekana rahisi. Mikononi mwa Mama Kitshanga ilichukua wiki tatu.

Shida ya kwanza ilikuwa kukaza. Kila kitanzi alikivuta mpaka kikabana shingo ya sindano, na mshono uliofuata haukupata pa kuingilia. Alikuwa akitoka jasho kana kwamba analima. Mama Mwalimu alimwonyesha mambo mawili. La kwanza, kitanzi kisipimwe kwenye ncha nyembamba ya sindano, kisukumwe nyuma mpaka mahali penye unene, hapo ndipo kinapata kipimo chake. La pili, uzi upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kuingia kati ya vidole vingine, ili mkono wa kushoto uuachilie kidogo kidogo. Mkono wa kulia unajulikana kwa kazi, kila mtu anautazama. Lakini katika kroshe ni wa kushoto unaoamua kama ua litakuwa laini au litakuwa gumu kama kifuniko cha chupa.

Shida ya pili haikuwa ya mikono. Alikuwa hawezi kuhesabu mpaka tano.

Hesabu aliijua. Alimaliza shule ya msingi, na Kitshanga alikuwa akiuza maharagwe sokoni kwa vipimo bila kudanganywa. Lakini akiwa na sindano mkononi, alifika petali ya tatu na akili ikaondoka. Alikuwa akisikia pikipiki nje, au mtoto akilia parseli ya jirani, na aliporudi kwenye uzi hakujua tena kama ni ya tatu au ya nne. Maua yake yalitoka na petali nne, sita, mara moja saba, yamebanana kama abiria wa basi. Yeye mwenyewe aliwaeleza wenzake kwamba tangu njia ya kutoka Kitshanga kichwa chake kinahesabu kitu kimoja tu, watoto: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, na kikifika tano kinaanza upya, usiku na mchana. Hakuna nafasi ya kuhesabu kitu kingine.

Wanaofanya kazi na watu waliokimbia vita wanaijua hali hiyo, na wana majina yake marefu. Mama Mwalimu hakuwa na jina lake. Alimwambia tu, "Basi, mama, hesabu hao hao. Kila petali mpe mtoto mmoja." Ikawa hivyo. Petali ya kwanza kifungua mimba, ya pili anayemfuata, mpaka kitinda mimba. Alipokuwa akisahau, alikuwa akijiuliza nani bado hajapata yake, na mtu hasahau hilo. Wenzake wakamsikia akitaja majina ya watoto wake chini chini juu ya uzi. Mwanzoni walinyamaza kwa heshima. Siku hizi kila mmoja anataja wa kwake, na mwenye watoto wanane inambidi aongeze petali au achague, na hapo mabishano hayaishi.

Ua lake la kwanza lenye petali tano sawasawa lilikuwa la rangi ya kahawia. Mmoja akamtania kwamba ameona maua mengi Masisi lakini la rangi ya udongo bado. Hakuwa na uchaguzi. Uzi wa kujifunzia pale unatokana na sweta kuukuu za mitumba zilizofumuliwa, na sweta ya siku hizo ilikuwa ya kahawia.

Kufumua sweta ni ufundi wake peke yake. Kwanza unaigeuza ndani na kutazama mishono ya ubavuni. Kama pembeni kila kipande kilifumwa mpaka ukingoni na kuunganishwa kwa uzi mmoja, nunua. Ukikata ule uzi, vipande vinaachana, na kila kimoja kinafumuka mstari kwa mstari bila kukatika. Kama ubavuni kuna mshono mzito wa mashine na nyuzi zimekatwa kwa mkasi, iache hapo hapo sokoni hata ukipewa bei ya bure, maana utapata vipande vifupi vya kila mstari ambavyo havifai kitu. Uzi ukitoka unakuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali tatu ili usichanganyikane, unauosha kwa maji ya uvuguvugu, kisha unautundika na chupa ya maji kwa chini ili unyooke ukikauka. Akina mama wanakubaliana kwamba uzi wa sufu unanyooka vizuri kuliko ule wa plastiki, lakini sweta za sufu ni chache na wauzaji wamekwisha kuzitambua.

Sweta moja inatosha kufundisha wanafunzi wengi, maana maua ya mwanzo hayahifadhiwi. Yanafumuliwa, na uzi unarudi kazini. Baadhi ya wageni hawapendi. Mtu aliyepoteza nyumba anapoona hata ua lake linavutwa na kutoweka kwa sekunde chache, moyo unamuuma. Mama Kitshanga alificha lile la kahawia ndani ya kitenge akaenda nalo nyumbani. Mama Mwalimu aliona, akaangalia pembeni.

Kazi hii ina ndugu wa zamani, mbali sana na Goma. Kuanzia mwaka wa 1845, huko Ireland, kisiwa jirani na Uingereza, ugonjwa uliozesha viazi shambani mwaka baada ya mwaka, na watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa. Wakati huo masista wa makonventi na wanawake wenye uwezo waliwafundisha wanawake na wasichana maskini kufuma kroshe ya kuuza. Kroshe ya Ireland ilijulikana hasa kwa maua: waridi na majani, kila kimoja kikifumwa peke yake, kisha vyote kuunganishwa kwa wavu wa uzi mwembamba kuwa kola au gauni. Kazi iligawanywa, huyu akifuma waridi, yule majani, mwingine akiunganisha. Mtu wa Masisi, anayejua maana ya shamba la viazi kupotea, haelezwi mara mbili kwa nini wanawake wale walishika sindano. Uzi hauhitaji shamba, na ukikimbia unaweza kuubeba.

Baada ya ua la petali tano linakuja waridi, na hapo ndipo wengi wanaanza kupenda. Waridi halifumwi kwa mviringo. Unafuma mkanda mrefu: mkufu, kisha mstari wa bridi mbili mbili zilizoachana kwa mayi moja kama miguu iliyopanuliwa, kisha ndani ya kila pengo unajaza bridi tano au sita. Mstari wa juu unakuwa na mishono mingi kuliko wa chini, haupati nafasi, kwa hiyo unajikunjakunja wenyewe. Aliyeanza anafikiri ameharibu. Kumbe ule mkunjo ndio unaotafutwa. Unauzungusha mkanda kuanzia mwisho mmoja kama unavyokunja mkeka, unashona kitako kwa sindano ya kawaida, na waridi limesimama mkononi. Mara ya kwanza Mama Kitshanga alipouzungusha mkanda wake, aliufungua akauzungusha tena mara nne au tano, bila kushona, kuona tu jinsi linavyotokea.

Kisha kuna kukaza maua yasilegee. Nchi nyingine wanayachovya katika maji ya sukari. Ndosho walijaribu, siafu wakaja, na sukari yenyewe ina bei yake. Sasa wanatumia uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uliopikwa na kuchujwa kwa kitambaa. Ua linachovywa, linakamuliwa, linanyooshwa petali kwa petali juu ya plastiki, linakauka kivulini. Kijiko kimoja cha unga kinatosha maua mengi, lakini hata kijiko kimoja kilileta maneno. Mama mmoja mwenye mtoto mdogo aliuliza waziwazi kama ni haki kuwalisha maua uji wakati kuna watoto waliolala bila kula. Hakuna aliyemjibu upesi. Wakakubaliana kwamba unga wa maua utoke kwenye sanduku la kundi, ambamo kila mmoja anaweka franka 500 kwa wiki, na usitoke kamwe nyumbani kwa mtu. Ilikuwa njia nzuri ya kulimaliza, lakini swali lake lilikuwa swali la kweli na bado lipo.

Mwaka jana, kuelekea mwisho wa kiangazi, ikaja komandi. Familia moja ya Himbi ilikuwa inaandaa ndoa, ikaagiza maua 40 meupe ya kubandika kifuani kwa wazee na ya kupamba vichwa vya wasichana wa bibi arusi. Bei walipatana franka 2.000 kwa ua moja. Akina mama watano, maua manane kila mmoja. Mtu akitaka kujua ukubwa wa kazi, apige hesabu: maua 40 ni petali 200, na petali 200 ni bridi 600. Uzi mweupe wa dukani ulinunuliwa kwa pesa za sanduku.

Uzi mweupe na Goma havipatani. Vumbi la volkano ni jeusi na linaingia kila mahali, chini ya kucha, ndani ya kikombe. Peloti ikianguka mara moja tu inaokota mstari wa kijivu usiotoka hata kwa sabuni. Walikata bidoni za lita tano, wakaweka kila peloti ndani, uzi ukatoka kwa tundu dogo la kifuniko. Walinawa mikono kama wanaoingia chumba cha upasuaji. Mama Kitshanga alifuma usiku pia, kwa mwanga wa tochi ya simu, watoto wakiwa wamelala wakimzunguka. Moja ya yale manane lilichafuka hapo, labda kwa masizi ya taa ya jirani, labda kwa mkono wa mtoto. Mama Mwalimu alilitazama kwenye jua akaliweka pembeni. Mama Kitshanga aliomba. Akasema halitaonekana, litakaa nyuma, chini ya kichwa cha msichana. "Mama, mwenye ndoa hatatazama nyuma," alisema. Jibu lilikuwa, "Mimi nimetazama." Likabaki pembeni, na mwingine akafuma la arobaini.

Siku ya malipo ilikuwa na mambo yake. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 benki za Goma zilifunga milango, na pesa taslimu zilizozunguka mjini zikawa zile zile, zimechakaa mpaka noti nyingine zilishikana kwa gundi tu. Wafanyabiashara wengi walizikataa. Mwenye ndoa alilipa nusu kwa simu na nusu kwa noti. Mama Kitshanga, kwa maua yake saba, alihesabiwa franka 14.000. Ukitoa 4.000 za sehemu yake ya uzi, zilibaki 10.000. Katika hizo, noti mbili za 500 hakuna aliyezipokea tangu siku hiyo. Bado anazo.

Na hapa ni vizuri kusema wazi, kwa sababu wasikilizaji wengi wamekwisha kuahidiwa mengi. Franka 10.000 kwa wiki mbili za mchana na usiku hazilishi watu saba. Binti yake mkubwa yuko sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, na maua saba hayakufika hata robo ya minervali ya muhula. Zilinunua sabuni, mafuta kidogo, daftari mbili na uniti. Mashirika yanapokuja na mafunzo ya kroshe ya wiki tatu, yakapiga picha za akina mama wanaotabasamu na kuondoka na peloti zilizobaki, yanaacha nyuma watu wanaojua kufuma na hawana cha kufumia wala wa kumuuzia. Ua la mapambo linanunuliwa na mtu aliye na sherehe, na sherehe zinahitaji amani na mshahara. Wale wanaofikiri kroshe itachukua mahali pa shamba la Kitshanga hawajaona shamba la Kitshanga.

Kwa nini basi anarudi kila siku ya tatu na siku ya posho? Aliulizwa na shangazi yake, tena kwa ukali, maana saa zile tatu angeweza kuzitumia kutafuta nguo za kufua. Jibu lake lilikuwa fupi: kule anakaa na watu ambao hawamhesabii kilo za unga. Katika kambi kila mkusanyiko ulikuwa wa kugawiwa kitu, na jirani alikuwa mtu anayekutangulia au unayemtangulia katika mstari. Katika parseli ya Mama Mwalimu hakuna mstari. Yule aliyemaliza anamshikia mwenzake uzi. Wa Masisi na wa Rutshuru, ambao wanaume wao wakikutana katika baa hawazungumzi kila kitu, wanagombana juu ya upana wa petali. Saa kumi na moja wanainuka pamoja na kusindikizana, kwa sababu giza la Goma siku hizi si la kutembea peke yako.

Lile ua moja lililokataliwa katika komandi Mama Kitshanga alilidai, akapewa. Binti yake mdogo analivaa kichwani siku ya mungu, upande wenye doa ukitazama nyuma.

Miezi ya karibuni kazi yake imeongezeka kwa njia ambayo hakuifikiria. Mdogo wake wa kike alirudi Kitshanga kambi zilipovunjwa, na anaishi kwenye kilima kimoja ambako simu inapata mtandao sehemu moja tu, karibu na mti. Ana simu ndogo ya vibonyezo, isiyopokea picha. Aliposikia habari za maua, akataka naye. Basi jioni Mama Kitshanga anamfundisha kwa sauti tu, na yule mdogo, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anafuma akiwa na njiti ya baisikeli aliyoisugua mwenyewe.

Kufundisha mikono ya mtu usiyemuona kunataka maneno yasiyo na makosa. "Yaya, nimeingiza wapi sasa?" anauliza mdogo. Hawezi kumwambia "hapo". Inabidi aseme ndani ya tundu kubwa la katikati, uzi nyuma ya sindano, vitanzi viwe vitatu, hesabu, una vitatu? Watu wa radio wanaijua hiyo shida. Mara nyingi Mama Kitshanga anafunga macho na kufuma ua lake mwenyewe wakati huo huo, ili ajue mdogo amefika wapi. Mayi sita, funga. Mayi tatu, bridi tatu, mayi tatu, funga. Kuhusu nyumba isiyo na mabati wanazungumza mwanzoni kabisa, haraka, na kuhusu nani amekufa na nani amerudi. Kisha wanaingia kwenye uzi, maana uniti haziongojei.

Mara ya mwisho uniti ziliisha kwenye petali ya nne. Simu ikakatika katikati ya bridi ya pili. Kupiga tena haikuwezekana, hakuna hata mmoja aliyebaki na kitu. Mama Kitshanga alikaa kidogo na simu mkononi, kisha akamalizia petali zake mbili gizani, akaiweka sindano chini ya mto.

Asubuhi, kabla ya saa moja, simu ilibipu mara moja kutoka kule kwenye mti, ikanyamaza.